Maisha ya Eva Perón: Sadaka Hupita, Haki Hudumu

Katiba za nchi nyingi husema mengi juu ya mkuu wa nchi, juu ya mawaziri wake, bunge na mahakama. Lakini juu ya mke wake hazisemi hata neno moja. Yeye hakuchaguliwa na mtu, wala hakuapishwa, wala hana mshahara wa serikali. Hata hivyo kila mtu ajua kwamba neno lake lina uzito, maana ndiye anayekaa mezani pamoja na mtawala usiku, mawaziri wakisha kwenda zao. Mwenye shida humtafuta, na mwenye tamaa humtafuta zaidi. Basi mamlaka hiyo isiyoandikwa popote yaweza kuleta mema gani, na hatari yake ni ipi? Yafaa tuyatazame maisha ya mwanamke mmoja aliyekuwa nayo kwa miaka sita tu, akaitumia kuliko karibu wake wote wa watawala wa karne yake: Eva Perón wa Argentina, ambaye maskini wa nchi ile walimwita Evita.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1919 katika kijiji cha Los Toldos, kwenye uwanda mpana wa ngano na ng'ombe wa mkoa wa Buenos Aires. Mama yake, Juana Ibarguren, alikuwa na watoto watano, na Eva ndiye kitinda mimba. Baba yao, Juan Duarte, alikuwa msimamizi wa mashamba, mtu mwenye heshima mahali pale. Lakini mke wake wa ndoa na watoto wake wengine walikuwa wakiishi katika mji wa Chivilcoy. Mwaka 1926 Duarte alifariki katika ajali ya gari. Juana aliwavika watoto wake nguo nyeusi akawapeleka mazishini. Huko walipokewa kwa dharau, na baada ya mabishano ndipo waliporuhusiwa kumwaga baba yao. Eva alikuwa hajatimiza miaka saba.

Kosa lilikuwa la wazazi, lakini mzigo walitwishwa watoto. Sheria ya Argentina ya siku zile iliwagawa watoto katika madaraja kwa kadiri ya ndoa ya wazazi wao, na jamaa za mjini na kijijini zilifuata mgawanyo huo kwa ukali kuliko sheria yenyewe. Juana alijipatia riziki kwa cherehani yake, akahamia na watoto katika mji wa Junín. Lakini dharau iliwafuata, na Eva hakuisahau mpaka kufa kwake. Mwaka 1945, alipokuwa karibu kuolewa, karatasi za kuzaliwa kwake zilibadilishwa ili aonekane mtoto wa ndoa.

Mwanzoni mwa mwaka 1935, akiwa msichana wa miaka 15, aliondoka Junín akaenda Buenos Aires kutafuta kazi ya uigizaji. Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Miaka ile shida ya uchumi iliyoikumba dunia nzima iliwaondoa mashambani watu wengi mno, wakamiminika mjini na kandokando yake kutafuta kazi katika viwanda vya nyama na nguo. Waliishi katika vyumba vya kubanana na vibanda vya mabati. Matajiri waliwacheka kwa rangi ya ngozi yao na kwa mavazi yao. Eva naye alilala katika vyumba vya bei ya chini na kuigiza sehemu ndogo ndogo katika michezo ya jukwaani. Baadaye alipata nafasi katika redio, na kufikia mwaka 1943 sauti yake ilikuwa ikijulikana katika nyumba nyingi. Alikuwa akiigiza maisha ya wanawake mashuhuri wa historia, malkia na wake wa wafalme. Hakuna aliyejua kwamba mwigizaji huyo angekuja kuandikwa miongoni mwao.

Tarehe 15 Januari 1944 tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa San Juan, magharibi ya nchi, na maelfu ya watu walikufa. Wasanii waliitwa kuchangisha fedha kwa ajili ya walionusurika, na katika tamasha la msaada Eva alikutana na Kanali Juan Domingo Perón. Perón alikuwa mjane, mmoja wa maofisa wa jeshi walioshika serikali mwaka 1943, naye alikuwa mkuu wa idara ya kazi. Idara hiyo hapo kwanza ilikuwa ofisi ndogo tu. Yeye aliigeuza kuwa mlango wa wafanyakazi. Kwa mkono wake vyama vyao vilipata nguvu, mishahara ikapanda, na likizo yenye malipo ikawafikia wengi wasioijua.

Maofisa wenzake waliogopa nguvu zake, wakamtia kizuizini mwezi wa Oktoba 1945. Tarehe 17 ya mwezi huo wafanyakazi kwa maelfu wakatoka viwandani, wakavuka madaraja, wakajaza uwanja ulio mbele ya ikulu mpaka Perón akaachiliwa. Wenye dharau waliwaita watu wale wasio na mashati, nao wakaligeuza jina hilo kuwa la fahari. Masimulizi ya baadaye yalidai kwamba Eva ndiye aliyewaamsha. Lakini wachunguzi wa historia wameonyesha kwamba siku ile sehemu yake ilikuwa ndogo, na kazi ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi wenyewe. Siku tano baadaye Eva na Perón, ambao walikuwa wakiishi pamoja bila ndoa, walifunga ndoa ya serikali mjini Junín, na tarehe 10 Desemba wakaoana kanisani mjini La Plata. Katika uchaguzi wa tarehe 24 Februari 1946 Perón alishinda, na tarehe 4 Juni akaapishwa kuwa Rais. Mkewe alikuwa na umri wa miaka 27.

Wake wa marais waliomtangulia walikuwa wakikaribisha wageni na kufungua maonyesho. Eva alifanya hayo kidogo, kisha akaenda kukaa katika ofisi ya idara ya kazi, pale pale mumewe alipoanzia. Hakuwa waziri wala karani. Lakini wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walimjia asubuhi na jioni kuleta madai ya mishahara, naye alipopiga simu wizarani, hakuna waziri aliyethubutu kukawia, maana kila mmoja alifahamu simu ile imetoka nyumba gani. Rais hakuweza tena kuwaona wafanyakazi kila siku kama zamani. Yeye ndiye aliyekuwa daraja kati yao na Rais. Na kwa kuwa alikuwa daraja, aliweza kumpitisha ampendaye na kumzuia asiyempenda. Viongozi wa vyama waliotaka kusimama peke yao waliondoshwa mmoja mmoja.

Jambo kubwa la kwanza alilolishika ni kura ya wanawake. Haki hutaka tuseme kwamba hakuwa yeye aliyelianzisha. Tangu mwanzo wa karne wanawake kama Julieta Lanteri na Alicia Moreau de Justo walikuwa wamelidai bila kuchoka. Mwaka 1911 Lanteri alifaulu kupiga kura katika uchaguzi wa mji wa Buenos Aires, na mwaka 1932 baraza moja la bunge lilipitisha mswada wa kura kwa wanawake, nao ukakwama katika baraza la seneti. Hao walikuwa na hoja, ila hawakuwa na nguvu serikalini. Eva alikuwa na nguvu hiyo. Alihutubia redioni, akawaita wanawake wa viwandani, akawasukuma wabunge wa chama cha mumewe, mpaka tarehe 23 Septemba 1947 sheria namba 13,010 ikatangazwa mbele ya umati wa watu, ikiwapa wanawake wa Argentina haki ile ile ya kupiga kura na kuchaguliwa waliyokuwa nayo wanaume.

Hakuishia hapo. Mwaka 1949 aliunda chama cha wanawake, mbali na kile cha wanaume, akawatuma wajumbe katika kila mkoa kuandikisha wanachama nyumba kwa nyumba. Walifungua vituo ambamo wanawake walifundishwa kusoma na kushona, na pia kulitii jina la Perón. Tarehe 11 Novemba 1951 wanawake wapatao milioni 3.8 walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa. Walichaguliwa wabunge wanawake 23 na maseneta 6. Katika nchi nyingi zilizojiona zimeendelea, idadi kama hiyo ilikuwa haijaonekana.

Katikati ya mwaka 1947 alikuwa amesafiri Ulaya. Vita ilikuwa imekwisha miaka miwili tu, njaa ilikuwa bado, na Argentina ilikuwa na ngano nyingi ya kuuza. Nchini Hispania Jenerali Franco alimpokea kwa heshima kuu. Tarehe 27 Juni Baba Mtakatifu Pio wa XII alimkaribisha Vatikano, akampa rozari. Na yasemekana rozari hiyo ilikuwa mikononi mwake alipolazwa maiti. Alipita pia Ureno, Ufaransa na Uswisi. Wengine walimshangilia, wengine walimtupia mawe na nyanya kwa sababu ya serikali aliyoiwakilisha. Alirudi akiwa ameona hospitali na nyumba za wahitaji za nchi mbalimbali, na moyoni ana nia ya kujenga za kwake.

Tangu mwaka 1823 misaada kwa maskini wa Buenos Aires ilikuwa katika mikono ya chama cha mabibi wa jamaa tajiri. Serikali ya Perón ilikichukua chama hicho mwaka 1946. Mwaka 1948 likaanzishwa shirika jipya lenye jina la Eva mwenyewe. Kwa miaka michache tu lilijenga hospitali, shule, nyumba za wazee, nyumba za kuwapokea wanawake wasio na makazi, na mji mdogo wa watoto mjini Buenos Aires. Lilifungua chuo cha wauguzi. Lilipeleka treni yenye madaktari na vyombo vya kupimia hadi mikoa ya mbali. Liliandaa mashindano ya kandanda kwa watoto wa nchi nzima, na kila mtoto alipimwa afya kabla ya kucheza. Kwa njia hiyo wengi walimwona daktari mara ya kwanza katika maisha yao.

Na kila alasiri, mara nyingi hadi usiku wa manane, Eva alikaa mezani akawapokea watu waliopanga mstari tangu alfajiri. Huyu alitaka kitanda, huyu cherehani, huyu meno, huyu kazi kwa mwanawe. Aliwasikiliza mmoja mmoja, akaandika hati, akawapa na nauli ya kurudi. Aliwakumbatia wagonjwa wenye vidonda ambao wengine walijitenga nao. Walioshuhudia, hata baadhi ya wasiompenda, walikiri kwamba huko hakuwa akiigiza. Alikuwa amekwisha kuketi upande ule mwingine wa meza, akajua namna mtu anavyoonekana anapoomba.

Mwenyewe alikataa kabisa kuyaita hayo sadaka. Alidai kwamba ni haki, na kwamba maskini walikuwa wakirudishiwa kilicho chao. Neno hilo ni zuri, lakini hapo ndipo yatupasa kutazama kwa makini. Haki ni kitu ambacho mtu aweza kukidai mahakamani, hata akiwa amechukiwa na watawala. Je, cherehani ile ilikuwa hivyo? Ilitoka katika mkono wa mtu mmoja, nayo ilikuja na picha yake. Fedha za shirika zilitoka serikalini, zilitoka katika mishahara ya wafanyakazi waliokatwa malipo ya siku mbili kila mwaka, na zilitoka kwa wenye viwanda. Miongoni mwa hao, wengine walitoa kwa moyo na wengine kwa hofu, maana aliyekataa aliweza kujikuta na wakaguzi mlangoni. Hesabu zake hazikuwekwa wazi mbele ya bunge. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri. Lakini mtoaji akichukua kwa nguvu mfukoni mwa mwingine, moyo hapo ni wa nani?

Na upande wa pili wa mkono ule uliotoa kulikuwa na ngumi. Wafanyakazi wa reli walipogoma mwanzoni mwa mwaka 1951, Eva alikwenda mwenyewe kuwasihi warudi kazini. Walipokataa, serikali iliwatia chini ya amri ya jeshi, na wengi wakafungwa. Mwaka huo huo gazeti kubwa la La Prensa lilinyang'anywa wenyewe na kukabidhiwa kwa shirikisho la wafanyakazi lililoitii serikali. Kitabu cha Eva juu ya maisha yake kilitiwa katika mafundisho ya shule. Alimsema mumewe kwa sifa ambazo Mkristo huziweka kwa Mungu peke yake, na aliyempinga Perón alimwona si mtu mwenye maoni mengine, bali msaliti.

Tarehe 22 Agosti 1951 umati mkubwa sana ulikusanyika Buenos Aires kumtaka agombee umakamu wa Rais. Ingekuwa mara ya kwanza kwake kushika cheo kilichoandikwa. Lakini maofisa wa jeshi hawakukubali kuamriwa na mwanamke, na mumewe hakuwa tayari kugombana nao. Tarehe 31 alitangaza redioni kwamba anakataa. Hapo ulionekana ukweli wa mamlaka yake: ilikuwa kubwa mno maadamu mumewe ameridhia, na ilikoma pale pale ridhaa hiyo ilipokoma.

Tayari alikuwa mgonjwa. Kansa ya mji wa uzazi ilikuwa ikimla, wala hakuambiwa wazi jina la ugonjwa wake. Alipasuliwa tarehe 6 Novemba 1951, na siku tano baadaye sanduku la kura lililetwa kitandani kwake. Akapiga kura ile aliyoipigania, mara ya kwanza na ya mwisho. Tarehe 4 Juni 1952, Perón alipoapishwa tena, alisimama kando yake katika gari la wazi, amekonda, akitegemezwa asianguke. Alifariki jioni ya tarehe 26 Julai 1952, akiwa na umri wa miaka 33. Kwa siku nyingi watu walipanga mstari katika mvua na baridi ili wapite mbele ya jeneza lake.

Baada ya kifo chake mumewe alizidi kupotoka njia. Mwaka 1954 aligombana na Kanisa, akaondoa mafundisho ya dini mashuleni na kuleta sheria ya talaka. Mwezi wa Juni 1955 ndege za jeshi zilizomwasi zilidondosha mabomu katikati ya mji, mamia ya watu wakafa, na usiku ule makanisa ya Buenos Aires yakachomwa moto na wafuasi wa Perón. Mwezi wa Septemba alipinduliwa. Majenerali walilivunja shirika la Eva, majengo yakageuzwa au yakaachwa, na vyombo vyenye jina lake vikaharibiwa. Mwaka 1956 walitoa amri ya kukataza hata kulitaja jina la Perón au la mkewe, na katiba ya mwaka 1949, iliyokuwa na haki za wazee ambazo Eva alizitangaza, ikafutwa. Maiti yake iliibwa, ikazikwa Milano nchini Italia kwa jina la uongo, isirudi Argentina mpaka mwaka 1974. Tangu 1976 imelala katika makaburi ya Recoleta, kati ya jamaa zile zile zilizomdharau.

Basi ni nini kilichobaki? Cherehani zimechakaa. Mji ule wa watoto ulifungwa. Kila jema lililoning'inia katika mkono wake lilianguka pamoja na mkono huo, na waliolitegemea wakabaki wakilia. Hatusemi kwamba sadaka haina kazi. Mwenye njaa leo hawezi kungoja bunge likutane kesho, na Bwana wetu atatuuliza juu ya mwenye njaa huyo. Lakini hospitali yapasa isimame hata mke wa Rais akifa, na mjane apate haki yake hata kama hajui wimbo wa chama. Mke wa mtawala aliye na huruma na afanye kama Eva katika jambo hili: apeleke vilio vya maskini mahali zinapotungwa sheria. Katika lile lingine asimfuate: asiifanye huruma yake kuwa ndiyo sheria.

Maana kilichoingia katika sheria, na kikashikwa na wananchi wenyewe, hakikung'oka kwa urahisi. Mwaka 1954, miaka miwili baada ya kifo chake, bunge liliondoa madaraja yale ya kuwabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mwaka 1991 Argentina ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuweka kwa sheria kima cha wanawake katika orodha za wagombea wa bunge. Mwaka 2007 mke wa Rais mwingine, Cristina Fernández de Kirchner, aliyekwisha kuwa seneta, alipata urais kwa kura za wananchi.

Na majenerali wale wale waliolikataza jina la Eva, walipoitisha uchaguzi wa baraza la kutengeneza katiba tarehe 28 Julai 1957, miaka mitano na siku mbili tangu kifo chake, hawakuthubutu kuwafungia wanawake mlango. Akina mama walipanga mstari nchi nzima, waliompenda na waliomchukia, kila mmoja na karatasi yake. Wengi walizipeleka kwa vyama vilivyokuwa vimempinga maisha yake yote. Hakuna aliyewauliza kama wanamshukuru.